Msiba wa Prosperi na Mapango ya Bukini

Kwa Masista, Diego Suarez,
Bukini.
14 Aprili 2024

Baba mdogo Dismasi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kutoka huku kisiwani, umpe mama mdogo Vestina zake, na wifi yangu Imakulata zake, na Mzee Ezekia jirani yetu ukimkuta ametulia, hasimulii habari za babu zake. Mimi ni mzima. Nimepungua kidogo, lakini ni kupungua kwa miguu inayotembea, si kwa njaa. Zuena, mwenzangu wa safari, naye hajambo. Kwao Gongoni walimwambia atarudi na homa, na mpaka leo homa haijamwona.

Najua simu huitaki. Ulisema inakuzomea sikioni, na kwamba neno zito likisemwa simuni linadondoka njiani kama mzigo uliofungwa na mvivu. Basi naandika. Ukinijibu tumia anwani hiyo ya juu. Masista hawa wana mwenzao mzaliwa wa Tabora, ndiye aliyetuombea chumba, na safari zetu zote za mabegi mgongoni zinaanzia hapa na kuishia hapa.

Sasa nikupe habari: tumeingia pangoni. Nilikuwa nadhani pango ni tundu tu la mwambani pa kulala fisi. Kumbe huku ni mji mzima chini ya mawe. Kuna mto unapita gizani bila kuona jua, kuna popo wamejazana darini, kuna mawe yanayoning'inia kutoka juu yakidondosha maji tone kwa tone, na chini yake yameota mawe mengine yanayoyafuata. Kiongozi wetu anaitwa Bwana Tombo, mtu mfupi, hacheki ovyo. Kabla ya kuingia humwaga pombe kidogo mlangoni akaomba ruhusa kwa wazee wake, halafu ndiyo anafunga kamba. Nilipoona hivyo nikamwamini.

Sikuogopa, baba mdogo. Kuna mahali pa kutambaa kwa tumbo. Wageni wawili wa Ulaya waliochangia kiongozi na sisi walipaona wakageuka, Zuena akasoma dua zote alizofundishwa madrasa, mimi nikapita kama kuku chini ya uzio. Nilipotokea upande wa pili nilicheka peke yangu. Mtembea bure si sawa na mkaa bure, na mimi nimeona.

Lile jambo la mwezi wa nane ulilonigusia kabla sijaondoka sijalisahau. Nitakuandikia juu yake siku nyingine.

Mwanao anayekukumbuka,
Stela Nibitanga


Parokiani, Ulyankulu.
9 Mei 2024

Mwanangu Stela,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema ikakaa, kwa sababu katekista alikwenda semina Tabora mjini na ufunguo wa sanduku la posta mfukoni mwake. Aliporudi alinikabidhi kwa tabasamu kana kwamba ameiandika yeye.

Sisi wazima. Goti la mama yako mdogo linamsumbua wakati wa baridi, lakini mdomo hausumbuliwi na kitu. Tumbaku imekauka vizuri, mahindi yanatutosha. Mzee Ezekia nilimsomea habari za begi lako, akacheka mpaka akakohoa. Anasema babu zake Wanyamwezi walipita njia hii ya misafara na pembe begani mpaka Pwani, wakalipwa vitambaa na kurudi na heshima. Wewe ndiye mpagazi wa kwanza aliyemsikia anayebeba mzigo wake mwenyewe, hampelekei mtu, na analipia. Nikamwambia Mnyamwezi hana la kumfundisha Mrundi kuhusu kutembea. Sisi tulikuja hapa kwa miguu na watoto mgongoni.

Sasa neno langu. Ukoo umekaa. Kuganduka, kuvua msiba wa kaka yako, kutakuwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Unajua maana yake, lakini acha niandike, maana mtu wa safari husahau ya nyumbani. Msiba usipovuliwa, Imakulata hawezi kuposwa. Shamba la Prosperi halipigwi jembe, na limeota miti sasa. Mizinga yake hairinwi, na nyuki wengine wamehama. Mwaka wa tatu huu mwanamke yule anakaa katika nguo zilezile na mtoto mgongoni. Wilbroad, yule seremala wa Urambo, amekuja kwangu kwa adabu akasema anamtaka, na atasubiri. Amesubiri. Lakini hata mtu mwema huchoka, na wazazi wa Imakulata wameanza kuniuliza kama nyumba yangu ni jela.

Katika ukoo wetu mtungi wa pombe ya kuvua msiba hufunguliwa na aliyelala tumbo moja na marehemu. Prosperi hana mwingine ila wewe. Usipokuja, watu watakunywa pombe na kurudi makwao, msiba utabaki umekaa palepale.

Ya mapango nimeyasoma.

Ni mimi baba yako,
Dismasi Ntahomvukiye


Diego Suarez.
2 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko salama. Mama mdogo apake mafuta ya kondoo gotini, na Mzee Ezekia mwambie utani wake nimeupokea, nitamletea jiwe la huku alibebe begani tuone kama damu ya wapagazi ingalimo.

Umeniita kuvua msiba. Nitakujibu kama ulivyonilea, usoni. Msiba wa nani? Kaka yangu hajaonekana. Mvua za masika zilishusha udongo katika lile shimo la dhahabu kule upande wa Puge, wenzake wakatoka, yeye akabaki ndani. Wakasimama mdomoni mwa shimo wakamwita jina lake kutwa nzima. Hakuitika. Basi wakasema amekufa. Mimi nilitoka Chemchem, Tabora mjini, na kanga moja begani, nikafika nikakuta shimo limeshazibwa, na wewe umekaa juu ya jiwe, midomo imekupasuka, husemi na mtu. Nilipouliza nani aliruhusu lizibwe, wakanionyesha wewe.

Sijakuuliza tangu siku ile na sikuulizi leo. Lakini nikuambie nilichojifunza huku. Chini ya ardhi kuna hewa, baba mdogo. Kuna maji ya kunywa. Kuna njia zinazopita chini ya mlima mmoja na kutokea kwingine. Bwana Tombo amenionyesha chumba cha mwamba walikojificha watu wa zamani wakati wa vita, wakaishi humo na watoto wao. Kila ninaposhuka najiambia, kumbe inawezekana. Watu wote mlioniambia haiwezekani hamjawahi kushuka hata kisimani.

Imakulata namhurumia, na Wilbroad simchukii. Lakini sitafungua mtungi juu ya mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa. Nisameheni.

Mwisho wa mwezi huu tunaingia pango refu zaidi, lenye mto. Usihofu.

Stela


Ulyankulu.
19 Juni 2024

Mwanangu,

Barua imefika. Imakulata alikuwa amekaa mlangoni nilipoisoma, akaniuliza umesemaje. Nikamwambia umesalimia.

Sikio la kufa halisikii dawa, kwa hiyo sitakuandikia mengi. Usishuke kwenye maji.

Dismasi


Diego Suarez.
30 Juni 2024

Baba mdogo Dismasi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani kwa masista, mguu umefungwa bandeji, mwili mzima. Nimeanza na hilo ili mama mdogo asianze kulia kabla hujafika mstari wa pili. Sijavunjika. Nimechubuka na nimeteguka, na sista wa Tabora ananipikia uji wa ulezi. Barua yako fupi nimeikuta tulipotoka. Ingefika mapema nisingeitii, lakini nimeisoma mara nyingi.

Ilikuwa hivi. Tuliingia asubuhi, Bwana Tombo mbele, Zuena katikati, mimi nyuma kwa sababu mimi ndiye jasiri. Pango lile lina matawi mengi. Nikaona upande wa kushoto mlango mdogo, na ndani yake kitu kinameremeta, nikasema nichungulie tu nitawafikia. Niliteleza. Palikuwa na mteremko wa tope, nikashuka kwa makalio mpaka chini, kofia ikagonga mwamba na taa ikazimika. Nikajaribu kupanda, mguu ukakataa, na tope likanirudisha palepale.

Giza la pangoni si kama la nyumbani. La nyumbani ukingoja kidogo macho yanazoea. Lile ukingoja linabaki vilevile. Nilikaa, nikashika magoti yangu, nikasema watakuja.

Na kweli walikuja. Nikasikia sauti ya Bwana Tombo, "Stela, Stela," kisha ya Zuena, na mwamba ukairudisha kila upande mpaka ikawa kama naitwa na umati wa watu nisiowaona. Na mimi, baba mdogo, nilikaa kimya.

Utaelewa peke yako kwa nini. Msituni wakati wa kurina asali jina halitajwi. Ulitufundisha mimi na Prosperi tungali watoto, kwamba anayekuita kwa jina nawe humwoni si wa kwenu, kaa chini, funga mdomo, ngoja mluzi. Wa kwenu atapiga mluzi nawe utaujibu kwa mluzi. Sikukaa nikafikiri. Sikusema sasa nafuata mwiko wa warina asali. Mwili wenyewe ulikaa chini na mdomo ukajifunga, kama mkono unavyokimbia moto. Waliniita mpaka sauti zao zikaanza kupungua, nikajua wanaelekea kwingine, na bado sikuitika. Nilikuwa nalia na sikuitika.

Aliyeniokoa ni Zuena, binti wa mjini. Unakumbuka nilimleta Ulyankulu wakati ule wa asali, akanipigia kelele kwa jina katikati ya miti nawe ukamgombeza mpaka akatoa machozi? Alikumbuka. Bwana Tombo alikuwa anasema warudi nje wakalete watu. Zuena akamwambia ngoja, akaweka vidole mdomoni akapiga mluzi wa kwetu, vibaya, umepinda, lakini ni wetu. Nikajibu hapohapo. Mdomo ulifunguka wenyewe kama ulivyojifunga.

Waliponitoa Zuena alinishika mabega.

"Ulikuwa unatusikia?"

"Nilikuwa nawasikia."

"Sasa kwa nini hukuitika, Stela?"

Tangu hapo silali vizuri. Si kwa sababu ya mguu. Wale wachimbaji walimwita kaka yangu kwa jina. Walikuwa watu wa kuja, mmoja wa Geita, mwingine wa Singida, nani kati yao angejua? Walimwita Prosperi, Prosperi, hakuitika, wakasema amekufa. Na mimi nimekaa shimoni nikiitwa jina langu, mzima, nina pumzi, nikanyamaza. Tulilelewa pamoja. Alichofundishwa ndicho nilichofundishwa.

Miaka yote hii nimesema labda yu hai kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Sasa naogopa kwamba alikuwa hai kweli, siku ile, amekaa chini, anangoja.

Wewe ulifika kabla shimo halijazibwa. Sijawahi kukuuliza nawe hujawahi kusema. Leo nakuuliza, na nakuomba unijibu hata kama jibu ni baya. Ulipiga mluzi?

Stela


Ulyankulu.
20 Julai 2024

Stela mwanangu,

Marahaba, na pole. Pole ya mguu na pole ya hayo mengine.

Nilipiga.

Nilifika wangali wanamwita. Niliposikia jina lake linatajwa pale shimoni nilijua palepale kosa lao, nikawaambia wanyamaze wote. Nikawaambia wazime mashine ya kuvuta maji. Wakaona mzee amechanganyikiwa, lakini walizima. Nikalala kifudifudi mdomoni mwa shimo nikapiga mluzi wetu, ule mrefu unaopanda mwishoni. Nikatega sikio. Wakati ule sikio langu lilikuwa bado zima. Nikapiga tena.

Halafu nikaona kwamba sauti yangu inakufa juu juu, haifiki. Nikawaambia wanishushe. Walikataa, nikavua koti nikajifunga kamba mwenyewe, ndipo wakashika. Walinishusha mpaka pale udongo ulipoziba. Kulikuwa na magogo yamelaliana, na kati yake mwanya wa kupitisha mkono. Nikaweka mdomo kwenye mwanya ule. Nilipiga mpaka midomo ikapasuka, ndiyo hiyo uliyoiona. Kila nikimaliza nilibadilisha, naweka sikio. Nilisikia maji tu. Yalikuwa yanapanda. Yaliponifika kiunoni, upande wa pili wa magogo yalikuwa yameshajaa, maana yalitokea huko kuja kwangu.

Prosperi angejibu. Hata angekuwa amevunjika mbavu zote angetoa pumzi ya kujibu, maana mtoto yule alijua mluzi kabla hajajua kusema mama. Usiogope tena kwamba alikaa anangoja na hakuna wa kwao aliyekwenda. Wa kwao alikwenda. Nilikaa mpaka nikajua, na nilipojua nilipanda juu nikawaambia wazibe, ili asilale wazi kama mnyama. Wengine walinilaumu na wewe ulinilaumu. Ningerudi leo ningefanya vilevile.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Siku ile nilikusubiri nikuambie, nikiwa nimekaa juu ya jiwe lile. Ulikuja na hasira, umesimama wima, unamfokea kila mtu, na mimi nikaona hasira ile ndiyo iliyokusimamisha. Nikaogopa kuiondoa nisijue utaegemea nini. Nikasema ataniuliza mwenyewe akiwa tayari. Nimengoja. Ulipoandika kwamba huulizi, nilikasirika kweli, nikakuandikia ile barua ya mistari michache, nayo mama yako mdogo ananisema kwa ajili yake mpaka leo.

Nimelia nikiandika haya na sioni aibu.

Sasa sikiliza la pili. Mwiko ule ni wa msituni, kwenye nyuki na miti. Pangoni, kisimani, mjini, Bukini, popote pengine utakapoitwa jina lako, itika. Nasema mimi niliyekufundisha. Na Zuena mwambie namwomba radhi kwa siku ile niliyomgombeza. Nimemtengea asali ya mzinga mzuri, mbichi, na kwao Gongoni nitaipeleka mimi mwenyewe nikawashukuru wazazi wake.

Mtungi umeshatayarishiwa mtama wake. Sikuhimizi. Wilbroad alikuja Jumapili, nikamwambia tunangoja barua, akasema sawa.

Baba yako,
Dismasi


Diego Suarez.
8 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo.

Barua hii anakuja nayo sista wa Tabora, anakwenda likizo, atakukabidhi mkononi bila kupitia kwa katekista. Ndege yake ni ya kesho. Yangu ni ya wiki ijayo, kwa sababu mguu wangu unakunjika vizuri lakini daktari wa hapa ni mtu wa wasiwasi. Zuena amezisikia salamu zako, akalia, kisha akauliza kama asali yenyewe ni ya mzinga mmoja tu.

Nilipomaliza kusoma nilitoka nje nikakaa ukutani kwa masista, nikamlilia kaka yangu. Sikuwahi kumlilia. Nilikuwa nimegombana na watu tu. Nimemlilia mpaka nikachoka, kisha nikanawa uso, nikaona njaa, nikala wali wa watu watatu. Masista wameniangalia sana.

Nilidhani shujaa wa mapango ni mimi. Kumbe kuna mzee Ulyankulu alishuka kabla yangu, bila kofia wala taa, kwenye maji yanayopanda, na hakumwambia mtu. Nikija nitakuamkia upya.

Kesho kutwa, kabla ya safari, naingia pangoni mara moja tena na Bwana Tombo. Usikunje uso. Nitakaa mbele safari hii, si nyuma, na nimemwomba aniite jina langu kila baada ya hatua chache, nami nitaitika. Sitaki kuondoka hapa nikiwa naogopa giza. Huko mbele nina nia ya kurudi kujifunza kuokoa watu waliofukiwa, maana machimboni kwetu watu bado wanashuka kila masika, na wanaobaki juu hawajui hata kuzima mashine wasikilize. Hilo tutalizungumza, na najua utabisha, na najua utakubali.

Nakuja kufungua mtungi. Shamba la Prosperi tutalipiga jembe pamoja, mimi na wewe na Imakulata, asubuhi yake, kabla wageni hawajaondoka. Mizinga yake nitairina mwenyewe.

Lakini Agosti mwisho bado, na kuna mtu amesubiri kupita kiasi kwa ajili yangu. Nilimwona mara ya mwisho amekaa mlangoni kwako akiwa amevaa zile nguo, akanipungia mkono, na mimi nikajifanya natafuta kitu begini. Asingoje siku ile ili ajue. Mengine yote nitayasema nikifika. Baba, acha kusoma hapa, inuka, nenda kamwambie Imakulata nimekubali.

Stela